Adui wa tangi la akriliki ni chembe ya mchanga

Wafugaji wengi wa samaki wa mapambo hulikwepa tangi la akriliki, yaani la plastiki angavu inayotumika badala ya kioo, kwa hoja moja tu, kwamba linakwaruzika upesi. Hoja hiyo ina ukweli, ila naona lawama imeelekezwa pasipostahili. Akriliki ina uzito wa karibu nusu ya ule wa kioo, hupitisha takriban asilimia 92 ya mwanga, na huhimili kugongwa kuliko kioo cha unene uleule. Uso wake usio mgumu ndio gharama ya sifa hizo. Mikwaruzo mingi huletwa na mkono wa anayesafisha, na hasa na chembe ya mchanga iliyonaswa kati ya kifaa chake na ukuta wa tangi.

Ndiyo maana sumaku ya kusafishia hunitia wasiwasi kuliko kifaa kingine chochote. Vipande vyake viwili, kimoja ndani na kingine nje, huvutana kupitia ukuta, na kile cha ndani kikishuka hadi karibu na sakafu ya tangi huokota punje ambayo jicho halitaiona. Punje hiyo hubanwa na nguvu ya sumaku, kisha kila inapovutwa huchora mstari wenye urefu wa safari nzima ya mkono. Anayetumia sumaku aikomeshe sentimita chache juu ya mchanga, na ukanda uliobaki chini aupanguse kwa mkono, taratibu, kwa kitambaa laini au kadi ya plastiki. Aitoe kila baada ya muda mfupi, aisuuze na kuipapasa kwa vidole, wala asiiache ndani ya tangi baada ya kazi, kwa kuwa uchafu na mchanga huingia kwenye nyuzi za uso wake wa kusugulia. Ikiwa sakafu imetoka kuvurugwa, kwa mfano baada ya kupanda mimea au kuhamisha mawe, ni busara kungoja mchanga unaoelea utue kwanza. Tena sumaku iwe imetengenezwa kwa ajili ya akriliki, maana zile za kioo mara nyingi huwa na uso mkali zaidi.

Jambo la pili ninaloliamini kwa dhati ni kwamba usafi mwepesi wa mara kwa mara hulilinda tangi kuliko usafi mzito wa nadra. Mwani, ule utando unaoota kwenye kuta za tangi, hutoka kwa kupanguswa tu ukiwa bado haujakomaa. Ukiachwa ukakomaa, mtu hushawishika kukandamiza kwa nguvu, na nguvu hiyo ndiyo inayoharibu. Katika matangi ya maji ya chumvi hali ni ngumu zaidi, kwa sababu kuna mwani unaojijengea chokaa na kushika ukutani kama saruji. Huo uwahiwe ungali madoa madogo, kwa kikwangulio cha plastiki. Wembe wa chuma usikaribie akriliki kabisa, wala sifongo ya jikoni yenye upande wa kukwangua. Kupunguza saa za taa na kubadilisha maji kwa ratiba husaidia pia, maana mwani usioota hauhitaji kusuguliwa.

Upande wa nje husahaulika, ilhali ndiko mikwaruzo inakoonekana zaidi. Vumbi lisifutwe kikavu. Lilowanishwe kwanza, kisha lipanguswe kwa kitambaa safi cha pamba au mikrofaiba kisichotumika kwa kazi nyingine. Karatasi za kujifutia mikono ni kali kuliko zinavyoonekana. Dawa za kusafishia vioo zenye amonia au alkoholi zinaweza kuleta nyufa nyembamba ndani ya akriliki yenyewe, na hizo hazifutiki. Pete na saa zivuliwe.

Ni kweli kwamba akriliki hung'arishwa kwa msasa laini wa maji, kutoka daraja moja hadi lililo laini zaidi, na hatimaye kwa dawa ya kung'arishia. Hata hivyo sioni sababu ya kuikimbilia kazi hiyo, kwani ikifanywa bila ulinganifu huacha bonde dogo linalopotosha taswira. Mkwaruzo mwepesi wa ndani hufifia tangi likijaa, kwa sababu akriliki na maji havitofautiani sana katika kupinda mwanga kama zinavyotofautiana akriliki na hewa. Ikiwa ukucha haukwami ndani yake, usubiri hadi siku tangi litakapomwagwa maji kwa sababu nyingine.