Shemeji Alivyopaki Mashua Shambani kwa Watu

Shemeji yangu anafanya kazi kwenye mashamba ya maua Naivasha, lakini ni mtu wa Mtwapa, na tangu ahamie bara hajawahi kumaliza chakula bila kulalamika kwamba hasikii harufu ya bahari. Sasa mzungu mmoja kule Kilifi akatangaza anarudi kwao na anauza mashua yake ya tanga, futi 24, pamoja na trela lake, na Shemeji alituma pesa kwanza ndio akanipigia simu kuniomba ushauri. Nikamwambia Naivasha si bahari. Akanijibu maji ni maji, wewe njoo tu unisaidie kutweka tanga. Haya.

Safari ya kuipandisha ile mashua kutoka Kilifi mpaka bara ingetosha hadithi yake peke yake. Kila tukisimamishwa barabarani askari anazunguka trela mara mbili, anagongagonga ubavu, halafu anauliza, "Hii meli mnaipeleka wapi?" Naivasha. "Na bahari si iko huko nyuma mlikotoka?" Mmoja alimwita mwenzake aje asikie jibu kwa masikio yake. Kule kwenye mteremko wa Mai Mahiu, tukishapita lile kanisa dogo lililojengwa na mateka Waitaliano wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, wauza mahindi walitoka wote barabarani wakatupigia kelele Nuhu! Nuhu! mvua inakuja lini? Shemeji alikuwa anawapungia mkono, anafurahi kweli kweli.

Shida ya mashua kama ile ni mkuku, ule uti wa chini unaoizuia kusukumwa kando. Ngalawa ukifika maji madogo unashuka unasukuma, mambo yameisha. Hii ina mkuku wa chuma unaoning'inia chini kwenye bawaba, kuna winchi ndani na waya, ukizungusha unapanda, ukilegeza unashuka. Ukiwa juu mashua inataka kama futi 2 tu za maji, ndio maana inaingia kwenye trela, lakini huwezi kwenda tanga mkuku ukiwa juu, utasukumwa kando kando na upepo mpaka ukagonge nyumba ya mtu. Ukiushusha wataka futi 5 na zaidi. Na Naivasha kina chake kwa wastani ni mita 6 hivi, ambayo ukiisikia unaona nafasi ipo tele, ila maji marefu yenyewe yako kule upande wa Crescent Island, na kandokando ni mwendo mrefu wa maji ya magoti na mafunjo na gugumaji. Zamani, miaka ya 1930 mwishoni, ndege za majini kutoka Uingereza zilikuwa zinatua pale pale ziwani, na Shemeji alikuwa akiniambia hivyo kila nikifungua mdomo. "Ndege ilitosha, mimi nisitoshe?"

Halafu kuna jambo lingine ambalo mzungu wa Kilifi hakulijua na Shemeji alilijua ila hakulitilia maanani. Ziwa limepanda. Mwaka 2020 watu wa Kihoto, mtaa wa kando ya ziwa, walihama nyumba zao maji yakiwa dirishani, na kandokando ya ziwa migunga mikubwa imekufa imesimama ndani ya maji, mieupe, minandi wamejaa juu yake. Kwa hiyo ukiona maji mbele yako Naivasha usidhani hapo chini ni matope tu. Chini kuna mashamba ya watu.

Tuliishusha asubuhi kwa trekta ya kuazima, na kwa sababu ufuo ni tambarare trekta iliingia majini mpaka dereva akainua miguu akaiweka juu ya usukani, ndio mashua ikaelea. Dada yangu alikataa kupanda. Alikaa ufuoni na kiti chake cha plastiki na simu, akasema yeye ni mpiga picha. Upepo hakuna. Ziwa limetulia tuli, furukombe analia juu ya mti, sisi tumetweka tanga limening'inia kama shuka kwenye kamba. Kijana mmoja wa boti za watalii akatupita na injini yake akasema, "Wazee, ngojeni saa nane upepo utakuja. Na ukija mtautafutia pa kuuweka."

Saa nane ikafika. Wallahi sijui ule upepo hukaa wapi asubuhi yote. Ulishuka ukaanza kuchimba maji, tanga likajaa paap, mashua ikalala ubavu ikaanza kukata, na nitasema ukweli, kwa muda kidogo nilisahau kila neno baya nililowahi kusema juu ya kile chombo. Mlima Longonot uko pale kushoto, povu linapita ubavuni, Shemeji ameshika usukani anaimba. Kisha kipimo cha kina kikaanza kulia.

"Futi 12," akasema. "Nzuri. Futi 10. Futi 9, bado nzuri."

Mbele yetu, viboko. Kama familia nzima, masikio na pua tu, na mmoja mgongo uko nje wote. Watu wengi wanadhani kiboko anaogelea, kumbe anatembea chini huko, na Shemeji badala ya kuogopa akaanza kupiga hesabu. "Yule mgongo uko nje, maana yake amesimama, maana yake pale ni futi 4 na nusu. Haitutoshi."

"Shemeji, shida ni futi au shida ni kiboko?"

"Vyote. Tunapiga bisha."

Akageuza kichwa cha mashua kukata upepo, ndiyo bisha yenyewe. Tanga kubwa likavuka vizuri, lakini tanga la mbele kamba yake ikanasa kwenye kile kikulabu cha kufungia nanga, nikakimbia omo, mbele kabisa ya mashua, kuitoa, na nilipofika mashua ilikuwa imeshakatwa mwendo, kichwa kinaangalia upepo moja kwa moja, matanga yote yanapiga makofi. Haiendi kulia haiendi kushoto. Ikaanza kurudi nyuma. Polepole, kwa adabu, kuelekea ile migunga iliyokufa.

"Washa mashine!" Akawasha. Mashine ikanguruma, ikakohoa, ikazima. Propela imeviringwa gugumaji, mizizi yake mirefu myeusi kama nywele za mtu aliyekasirika, na katikati yake kipande cha wavu. Sisi bado twarudi nyuma. Kipimo kinalia. Futi 7. Futi 6 na nusu.

Halafu tukasimama. Haikuwa kugonga, ilikuwa kushikwa. Chini ya sakafu ya kile chumba kidogo tukasikia kitu kinajikuna, krrrr, chuma kwa chuma, kikavuta, kikakaza, na mashua ikakaa pale imetulia huku upepo unavuma kana kwamba tumetia nanga.

Nikaingia ndani nikazungusha winchi. Nguvu zangu zote. Haipandi hata inchi. Na ukifikiria inaeleweka, ule mkuku ukigonga kitu mbele unajikunja wenyewe kurudi nyuma, ndivyo ulivyotengenezwa, lakini ukinasa kitu wakati unaenda kinyumenyume unakuwa kulabu. Na upepo ndio unazidi kuikaza ile kulabu.

"Ingia majini uangalie," akasema Shemeji.

"Ingia wewe, chombo ni chako."

Tukawaangalia viboko. Viboko wakatuangalia. Mmoja akazama, na hilo ni baya zaidi kuliko akiwa juu, maana sasa hujui. Simu yangu ikalia, Dada. "Mbona mmesimama? Songeni kidogo huku kwa mwanga, hapo naona kivuli tu. Na Mama anauliza kwa grupu kama hiyo ndiyo kuegesha."

Basi tuko pale, Shemeji anasoma futi kwa sauti kama vile zitaongezeka, ndio tukamwona mzee mmoja amevaa kofia ya pamba na gambuti, anakuja na kimtumbwi, anapiga kafi bila haraka yoyote. Akafika, akashika ubavu wa mashua, akatuangalia mmoja mmoja.

"Nyinyi. Nani amewaambia mpaki kwa shamba yangu?"

Shemeji akadhani ni utani, akacheka. Mzee hakucheka.

"Hapa ni kwangu. Ile mti pale ni kona. Hapa mko kwa waya ya ng'ombe, na kama mmekata mtalipa."

"Mzee wangu, shikamoo. Hili si ziwa?"

"Ziwa ndiyo imekuja kwangu, mimi sijaenda kwake. Hati niko nayo kwa nyumba."

Shemeji, ambaye kwa kawaida ni mtu wa busara, akaleta maneno ya ripariani, kwamba kisheria kandokando ya ziwa hakuna mtu anaruhusiwa hata kuweka ua. Nikamkanyaga mguu lakini tayari. Mzee akaachia ubavu, akajisukuma mita mbili hivi, akakaa. "Sawa. Basi kaeni na ripariani yenu. Saa kumi na mbili hao viboko wanatoka kula nyasi, na njia yao ni hiyo mmefunga."

Kimya. Shemeji akaomba msamaha kwa Kiswahili cha nyumbani kwao, kirefu, chenye baba na babu ndani yake, mpaka mzee akarudi.

Akampigia simu yule kijana wa boti, kumbe ni mpwa wake. Kijana akaja anacheka kutoka mbali, tukamtupia kamba ya omo, mzee akatoa amri: msivute nyuma, vuteni mbele, mbele kabisa, kwa upepo. Injini ikalia, mashua ikajinyoosha, chini kukasikika krrrr nyingine halafu tang! na mkuku ukaachia, na nyuma yetu pakaibuka nguzo. Nguzo nzima ya mwerezi, nyeusi kwa maji, na seng'enge bado imeizunguka.

Mimi nikajua sasa tunalipishwa. Mzee akaivuta mpaka kwenye mtumbwi, akaigonga na ngumi, akainusa, akaikwaruza na ukucha. Haijaoza hata kidogo, mwerezi wa zamani huo. Uso wake ukabadilika kabisa.

"Mko na nafasi kesho?"

"Kesho?" Shemeji akauliza.

"Ziko zingine nyingi kwa hii laini. Mnapita tu hivyo mlipita, kwa reverse. Halafu mkimaliza mniangushie choo, ile mabati nayo bado ni mzuri."

Nilitegemea Shemeji akatae. Alikuwa ameinama juu ya kile kipimo chake, anakipangusa maji kwa mkono wa shati.

"Mzee," akasema, "paa la hicho choo liko futi ngapi chini?"