Fundi wa Mawe Anauguza Jiwe

Mimi kazi yangu ni kuvunja matumbawe. Siwafichi. Asubuhi nashuka gatini, mashua inaleta mawe kutoka Manda Maweni, na mimi na nyundo yangu tunayachonga mpaka yakubali kukaa ukutani. Huu mji wa Lamu uliotiwa kwenye orodha ya urithi wa dunia mwaka 2001, ukitoa boriti na milango, kilichobaki ni tumbawe. Ukuta tumbawe, zidaka tumbawe, hata chokaa yenyewe ni tumbawe lililochomwa. Baba aliyavunja, babu aliyavunja. Na sasa hivi, ndugu zangu, saa nne ya usiku, nimeketi sebuleni kwangu nasema kwa kunong'ona kwa sababu kuna tumbawe moja linapumzika.

Kosa ni tangi. Mzungu mmoja wa Shela alikuwa anahama, akaniuzia tangi lake la samaki, lita 200, kwa bei ya kutupa. Mtu akikuuzia kitu kwa bei ya kutupa, muulize mbona hakukitupa. Mimi sikuuliza. Nikatia samaki wawili, nikaona haitoshi, nikaingiwa na tamaa ya tumbawe lililo hai.

Kuling'oa baharini siwezi. Kule Kiunga ni hifadhi ya bahari tangu 1979, na mtu wa kuonekana na tumbawe bichi mkononi anatafuta kesi kwa pesa zake. Nikampata bwana mmoja anayeyafuga ndani ya matangi na kuuza vipande. Anakaa wapi? Nairobi! Kiumbe wa bahari mzaliwa wa Nairobi, hajapigwa na wimbi tangu azaliwe, akapanda basi usiku kucha mpaka Mokowe, akavuka kwa boti kuja kisiwani. Mara yake ya kwanza kukaribia bahari, naye yumo ndani ya mfuko, mfuko ndani ya boksi, hakuona kitu. Bei siitaji. Mama Salma hupenda kusoma kila ninachoandika.

Aina yake huitwa tumbawe nyundo, kwa kuwa ncha za minyiri yake zimepinda kama kichwa cha nyundo. Nikasema hili ni la ukoo wetu. Lilipofika lilikuwa limekunyata kama zabibu kavu, vichwa vitatu vyote vimejificha ndani ya mfupa. Mama mkwe, ambaye alikuja kututembelea wiki moja na huu ni mwezi wa tano, akavaa miwani.

"Hili ni iwe," akasema kwa Kiamu chake, yaani jiwe.

"Ni mnyama, Mama. Ila ndani ya nyama yake mnaishi vijimwani vinavyompikia chakula kwa mwanga, na chini amejijengea jiwe."

"Basi mnyama, mti na iwe. Na wewe umelipa nauli ya watu watatu?"

Sikujibu. Mkwe hajibiwi.

Sasa sikiliza mapokezi. Mfuko uelee kwanza juu ya maji ya tangi robo saa, joto lilingane. Halafu maji ya tangi yadondoke humo tone kwa tone kwa kijimpira chembamba, saa nzima. Halafu liogeshwe dawa ya iodini dakika chache, wadudu watoke. Maji ya mfukoni yamwagwe, yasiguse tangi. Salma alipozaliwa aliogeshwa mara moja tu, akakabidhiwa nyanyake. Ukimaliza hapo unaliweka chini kabisa kwenye mchanga, taa unazipunguza nusu, unaliepusha na mkondo wa pampu usilipige usoni, na chakula hulipi mpaka lizoee. Halitaki mwanga, halitaki upepo, halitaki kula, halitaki kuguswa. Nina shangazi wa hivyo hivyo.

Na usicheke habari ya mwanga na joto. Vikizidi, tumbawe hutapika vile vijimwani vyake likabaki jeupe, na likikaa hivyo hufa kwa njaa. Mwaka 1998, bahari ilipochemka kwa El Niño, matumbawe mengi ya pwani hii yalikufa namna hiyo, na mimi sikutaka 1998 irudi sebuleni kwangu. Sasa kaskazi hili nyumba inafika nyuzi 31, na mgonjwa anataka maji ya 25 au 26. Dawa yake ni feni, ipulize juu ya maji. Feni nyumbani ni moja. Mama mkwe anajipepea kwa kipepeo cha ukindu huku akiitazama feni, kisha ananitazama mimi.

Feni nayo ina mashitaka yake. Inakausha maji, chumvi inabaki, basi kila siku uongeze maji matamu. Na maji yenyewe! Nakaa kisiwani. Nikitema mate kwa nguvu yanaangukia baharini. Lakini maji ya mbele ya mji yana mafuta ya boti na mambo mengine ambayo sitayataja wakati wa chakula, na maji ya kisima yana chokaa kuliko mimi. Kwa hiyo nanunua maji yaliyosafishwa, yasiyo na chumvi hata chembe, punda anayaleta kwa mitungi, halafu nanunua chumvi ya bahari ya gunia, natia gramu 35 kwa kila lita, nakoroga, napima mpaka kipimo cha chumvi kisome 1.025. Kila wiki lita 20. Mwenye punda aliniuliza nikimaliza haya yote napata nini. Nikamwambia, maji ya bahari. Hajarudi kunitania tangu siku hiyo, naona alinihurumia.

Siku ya nne kichwa kimoja kikaanza kutoa ute wa kahawia unaonuka kama pweza aliyesahauliwa. Huo ute ukiachwa huenea hadi kwenye vichwa vya jirani. Nikaunyonya kwa mpira, kisha nikachukua kijimsumeno cha chuma. Mimi huyu nimepasua mawe ya kujengea misikiti bila mkono kutetemeka, lakini hapo, na kidude cha ukubwa wa kidole gumba, jasho lilinitoka mpaka kwenye nyusi. Mama Salma alinishikia taa. Kichwa kikatoka, kikalia kwenye bakuli la chai: tik. Vikabaki viwili. Bakuli hilo sasa ni langu peke yangu.

Kisha nikaliponza mwenyewe. Nilikuja kugundua kwamba wafugaji huko duniani wananunua chokaa, chokaa hii hii ninayoikung'uta masikioni kila Ijumaa, imetiwa kwenye kichupa chenye lebo, ili kuyapatia matumbawe madini ya kujengea mfupa. Nikajiona tajiri. Jioni hiyo, kabla hata ya kunawa, nikatumbukiza mkono mpaka kwenye kiwiko kulisogeza jiwe moja. Wao lakini hudondosha maji ya chokaa kidogo kidogo, na safi, si mkono mzima wa fundi. Ukali wa maji ukaruka, tumbawe likajifunga siku tatu. Mama mkwe akasema hata yeye angejifunga.

Likapona. Hilo sikatai, linafunguka, watu wote wananiambia linafunguka. Taa zake huwaka saa nne asubuhi na kuzimika saa kumi na mbili jioni. Mimi hutoka saa moja, hurudi magharibi. Mama Salma ameliona. Salma ameliona. Mwenye punda ameliona! Wanasema linajaa, kijani kibichi, linayumba kama wanawake kwenye ngoma ya lelemama. Mimi niliyelipa nauli nalijua likiwa zabibu kavu.

Ijumaa iliyopita nikaacha kazi. Saa nne nipo mbele ya kioo. Saa tano, kimya. Mama mkwe yuko kwenye kiti chake, kile kilicho karibu na tangi, karibu na feni pia.

"Linakuogopa, mwanangu. Wanuka chokaa."

Nikaenda kuoga. Nimejipaka sabuni kichwa kizima nasikia, "Limefunguka! Limefunguka!" Nikafunga kikoi, nikatoka mbio, haya za mkwe nimeziacha bafuni.

"Taratibu! Na usikaribie na hilo povu!"

Nikaja taratibu, nikasimama mbali, povu limenijaa macho yote mawili yanawaka moto.

"Umeliona?"

"Nimeliona, Mama," nikasema. "Limependeza."