Nyigu wa kulinda mikaratusi: tumtegemee hadi wapi?

Wanaotetea maadui wa asili, yaani kumleta mdudu anayemuua mdudu mharibifu badala ya kunyunyiza dawa, wana mfano mzito mkononi. Mwaka 1916 fukusi wa Gonipterus kutoka Australia alionekana Afrika Kusini, akitafuna majani machanga ya mikaratusi na kuviacha vilele vikiwa fito tupu. Mwaka 1926 akaletewa adui yake wa huko huko Australia, Anaphes nitens, nyigu mdogo kiasi kwamba hukua ndani ya yai la fukusi. Alifaulu, na baadaye akapelekwa katika nchi nyingi. Dawa hainyunyizwi mara moja ikaisha, na kufikia vilele vya miti mirefu ni kazi ngumu. Nyigu akishakita, huzaana na kumtafuta fukusi mwenyewe.

Wenye shaka nao hawabahatishi. Kwenye milima yenye baridi ya Ureno, nyigu huyo huyo ameshindwa kuzuia hasara. California ilisumbuliwa na Phoracantha semipunctata, mbawakawa ambaye mabuu yake hutoboa chini ya gome. Nyigu Avetianella longoi akampunguza vizuri. Kisha, mwaka 1995, akagunduliwa huko ndugu wa mbawakawa huyo, Phoracantha recurva. Mayai ya huyu hulizingira yai la nyigu na kuliua, hivyo mgeni wa pili akashika nafasi ya wa kwanza.

Kwangu mimi, hayo hayaiangushi njia yenyewe. Yanaonyesha gharama ya kutomjua mdudu sawasawa. Kwa miongo mingi karibu kila fukusi wa mikaratusi aliitwa Gonipterus scutellatus; mwaka 2012 watafiti wakaonyesha kwamba jina hilo lilifunika spishi kadhaa. Nyigu anayemfaa mmoja si lazima amfae mwingine, wala hali ya hewa ya kila mahali haimkubali. Fedha za kuwatambua wadudu zingetangulia zile za kufuga nyigu. Maji nayo yasisahaulike: mabuu ya Phoracantha hustawi kwenye miti iliyodhoofishwa na ukame, na mengi hufa chini ya gome la mti wenye maji ya kutosha.

Inabaki hofu kwamba nyigu mgeni atashambulia wadudu wasio na hatia. Ndiyo maana New Zealand ilimjaribu kwanza nyigu Eadya daenerys kwa mbawakawa wengine, kabla ya kumruhusu mwaka 2019 dhidi ya Paropsis charybdis, mbawakawa mla majani ya mikaratusi aliyekuwapo huko tangu 1916. Wakulima wanaoona miti ikikauka hulalamikia majaribio ya namna hiyo, na uchungu wao naufahamu. Lakini nyigu akishaachiwa msituni, hakuna wa kumrudisha.