Jua la Kutengeneza na Barafu za Mke Wangu

Jana saa nane mchana umeme ukakatika. Feni ikazunguka mara mbili kwa huzuni, ikafa. Mke wangu ana barafu za ubuyu mifuko 60 kwenye friza, basi mie nikachomoka barazani kabla sijaulizwa kitu.

Nikamkuta mpwa wangu, yule msomi.

"Vumilia mjomba, wenzetu wanatengeneza jua hapa hapa duniani. Wanaunganisha viini vya haidrojeni, nguvu inatoka. Bila ya hilo, huko mbele dunia haitotosheka na umeme."

Jua jengine, yakhe! Hili moja tu limenishinda. Ati mtambo wa ITER huko Ufaransa utafika digrii milioni 150, mara 10 ya kitovu cha jua. Aliyepiga hesabu hiyo hajalala chini ya bati la Kikwajuni mwezi wa pili. Na mkataba walitia saini 2006, moto wenyewe hasa wanautarajia 2039, na hata hapo umeme hautoi. Majaribio tu!

"Wamarekani wameshaweza," akasema. "Disemba 2022, California, walitia nguvu ya miale ya leza, kwa kipimo chao megajuli 2.05, zikatoka 3.15."

Mke wangu akachungulia dirishani. "Na hizo leza zenyewe zilikula umeme kiasi gani?"

Kijana akaangalia kandambili zake. "Kama megajuli 300, mama."

"Yaani ninunue ubuyu na sukari kwa laki tatu, niuze barafu za elfu tatu, halafu niite waandishi wa habari?"

Akajitetea kuwa malighafi imo baharini. Bahari naijua. Ndimo ulimolazwa waya wa kutuletea umeme kutoka bara, na ulipoharibika Disemba 2009, Unguja tulikaa kiza miezi mitatu. Hilo jua lao likishaiva si litapita waya kama huo huo, mpaka nguzo ya mtaani kwetu, iliyoinama kama mzee anayetafuta kiatu chake mlangoni mwa msikiti?

Sisemi wasitafute. Watu wanazidi, viwanda vinakula. Lakini jua la juu linakausha dagaa bure tangu enzi za babu, na bei ya paneli za umeme wa jua nimeshaiuliza. Tatizo bei.

Karibu na magharibi watoto wakapiga kelele, "Umemeee!" Mke wangu akafungua friza, akahesabu.

"Mbona 54?"

Mpwa wangu akaniangalia. Midomo myekundu kama yangu.