Ridhaa ya Langoni na Sheria ya Kulinda Data

Kwenye malango ya majengo mengi ya ofisi jijini Nairobi, mgeni hukabidhiwa daftari kubwa aandike jina, nambari ya kitambulisho, nambari ya simu na saa aliyoingia. Akiwa anaandika, anayaona majina na nambari za waliomtangulia, kama vile zake zitakavyoonwa na watakaomfuata. Akikataa kuandika, haingii. Daftari hilo ndilo ninalolitumia kuipima Sheria ya Kulinda Data ya Kenya, iliyotiwa saini Novemba 2019 ili kuipa nguvu Ibara ya 31 ya Katiba inayolinda faragha.

Wanaoisifu sheria hii wana hoja nzito. Wakopeshaji wa fedha kupitia simu walizoea kuwasumbua jamaa, wakwe na waajiri wa aliyechelewa kulipa, watu ambao hawakukopa chochote, na aliyeaibishwa hakujua ashtaki wapi. Mnamo Septemba 2023, Ofisi ya Kamishna wa Kulinda Data iliitoza kampuni moja ya mikopo ya aina hiyo faini ya shilingi 2,975,000, na shule moja shilingi 4,550,000 kwa kuchapisha picha za wanafunzi bila idhini ya wazazi. Malalamiko ya wafanyabiashara kwamba kujisajili ni mzigo yana ukweli kidogo tu, kwa kuwa kanuni zimewasamehe usajili wengi wa wale wadogo.

Ubishi wenye uzito zaidi unahusu ridhaa. Katikati ya mwaka 2023, watu walipanga foleni ndefu katika jumba la mikutano la KICC jijini Nairobi ili mboni za macho yao zipigwe picha na Worldcoin, mradi wa utambulisho wa kidijitali, wakilipwa sarafu za kidijitali zenye thamani ya takriban shilingi 7,000. Serikali iliusimamisha mradi huo Agosti, na Mei 2025 Mahakama Kuu ikaamuru data hizo zifutwe. Wapo waliouliza, na swali lao si la kupuuzwa: ikiwa mtu mzima ameamua kuuza picha ya jicho lake ili apate kodi ya nyumba, serikali inaingilia kwa haki gani? Jibu langu ni kwamba nywila ikiibwa hubadilishwa, lakini jicho halibadilishwi, na aliyekuwa kwenye foleni hakuelezwa vya kutosha picha hiyo ingetumiwaje. Ridhaa ya mwenye shida ni kama ile ya mgeni langoni: saini ipo, hiari haipo. Ndiyo maana naona nguvu ya sheria hii iko hasa katika sharti kwamba anayekusanya data nyeti apime kwanza madhara yake, hata kama kila mtu amekubali.

Sharti hilo limeibana serikali yenyewe. Oktoba 2021, Mahakama Kuu iliamua kwamba utoaji wa kadi za Huduma Namba, kitambulisho cha kidijitali cha taifa, ulikuwa batili kwa sababu tathmini hiyo ya madhara haikufanywa. Upande wa serikali ulijitetea kuwa data zilikusanywa kabla ya sheria kuwapo, na kwa mtazamo wa kawaida wa sheria utetezi huo haukuwa wa kipuuzi, ila mahakama ilikumbuka kwamba haki ya faragha ilikuwa ndani ya Katiba tangu 2010.

Kinachonitia wasiwasi ni kifungu cha adhabu. Faini ya juu ni shilingi milioni tano au asilimia moja ya mapato ya mwaka uliotangulia, kwa kutazama kiasi kilicho kidogo. Kampuni yenye mapato ya mabilioni, inayoshika data za mamilioni ya wateja, haiwezi kutozwa zaidi ya milioni tano, ambazo kwake ni gharama ya biashara tu. Umoja wa Ulaya uliandika kinyume: milioni 20 za yuro au asilimia nne, kwa kutazama kiasi kilicho kikubwa. Bunge likibadilisha neno hilo moja, kampuni kubwa nazo zitakuwa na sababu ya kuiogopa Ofisi ya Kamishna.