Msizime kinga ya inveta

Majuzi huku Kasarani fundi aliitwa kwa jirani yetu kwa sababu inveta ya sola, mashine inayogeuza umeme wa paneli kuwa stima ya nyumbani, inagoma kila asubuhi ya mvua. Inaonyesha hitilafu mpaka paneli zikauke. Fundi akamwambia, "Mama, hii mashine inalalamika bure. Acha nizime hiyo kinga." Akaizima. Nilipopanda kuangalia, waya mmoja ulikuwa umechunika pale unapopita ukingo wa mabati, na fremu za paneli hazina erthi kabisa, yaani waya wa kupeleka umeme uliovuja ardhini.

Nimekasirika sana. Inveta ilikuwa ikisema kweli: kabla ya kujiunga na gridi hupima kama waya za paneli zimetengana na ardhi, na hizi hazikuwa zimetengana.

Inveta nyingi tunazofungiwa majumbani siku hizi hazina transfoma. Ni nyepesi, bei yake ina nafuu, na nyingi hufikisha ufanisi wa 97% na zaidi. Sawa, nakubali, hata mimi singerudi kwenye lile dude zito. Lakini transfoma ndiyo iliyotenganisha paneli na stima ya gridi. Ikitoka, paa lako na laini ya 240 V vinakuwa mzunguko mmoja. Paneli na fremu yake hushika chaji kama kapasita, kifaa cha kuhifadhi chaji, na maji ya mvua huzidisha hali hiyo. Volteji ya paneli ikipanda na kushuka dhidi ya ardhi maelfu ya mara kwa sekunde, mkondo unavuja hadi kwenye fremu. Kama fremu haina erthi, utapita kwa kijana aliyepanda kuosha vumbi.

Wahandisi wamelihangaikia jambo hili miaka mingi. Zipo inveta za ngazi nyingi, zinazojenga stima kwa hatua kadhaa za volteji, ambazo kitovu cha upande wa DC (umeme wa paneli) kimefungwa kwenye nyutro ya gridi, hivyo volteji ya paneli inatulia na uvujaji unapungua mno. Hata hizo zinahitaji erthi. Kiwango cha kimataifa cha usalama wa inveta za sola, IEC 62109-2, kinataka inveta ya hadi 30 kVA ijikate mkondo wa kuvuja ukipita 300 mA (miliampea), na ukiruka ghafla kwa 30 mA tu, ijikate ndani ya sekunde 0.3. Hiyo ndiyo kinga iliyowekwa kwa ajili ya mwili wa mtu.

Kanuni za net-metering za 2024 hapa Kenya zimeturuhusu kurudisha stima kwenye gridi, na kazi hizi zitaongezeka. Mtake fundi mwenye leseni ya EPRA, mamlaka ya nishati, apime erthi mbele yako na aandike omu (kipimo cha ukinzani) alizopata kabla hujamlipa salio.