Faili limefungwa, kifua bado kinabana

Mgonjwa wa TB akimeza dawa miezi sita na makohozi yakawa safi, rejista inaandika amepona. Ni kweli, vimelea vimekufa. Lakini pafu lililokwisha kuliwa halirudi, na kwa mchimbaji wa tanzanaiti wa Mirerani, wilayani Simanjiro, aliyevuta vumbi la mwamba miaka nenda rudi huenda kumebaki humo ugonjwa mwingine usio na tiba, silikosisi. Kupanda kilima kidogo tu hadi asimame njiani. Nani anamfuatilia?

Nadhani tunahitaji wauguzi waliobobea kwenye mapafu, na kazi yao iwe majumbani.

Najua nitajibiwa kwamba wahudumu wa afya ngazi ya jamii wapo, mpango wao ulizinduliwa Januari 2024. Wapo, nami nawaheshimu. Ila wameshabebeshwa chanjo, lishe, wajawazito, malaria na vyoo. Kumwambia anayekohoa aende kituoni wanaweza. Kujua kwa nini aliyemaliza dozi anakohoa tena ni utaalamu mwingine. Pengine TB imerudi, maana silikosisi huifungulia mlango. Pengine si TB kabisa: kwenye eksirei magonjwa haya hufanana, na mtu anaweza kuanzishwa dozi upya bila kimelea chochote kuonekana.

Halafu kuna inhela, kile kikopo cha dawa ya kuvuta kwa mdomo. Dirishani unapewa boksi na kuambiwa "vuta mara mbili", foleni inasonga. Ukimtazama mtu huyo akiitumia nyumbani utashangaa: anabonyeza, dawa inaishia ulimini, anameza mate. Kumbe inatakiwa aitikise, atoe pumzi kwanza, abonyeze huku akivuta polepole, kisha abane pumzi kama sekunde kumi. Wapo wasioweza kubonyeza na kuvuta kwa pamoja, hasa wazee na watoto. Hao chupa ya plastiki ya nusu lita inawatosha: unatoboa kitako, unachomeka inhela ikabana, mgonjwa anavutia mdomo wa chupa. Mambo haya hufundishwa mgonjwa akijaribu na nesi akitazama, kisha nesi anarudi tena, kwa sababu watu husahau.

Akiwa ndani ya nyumba nesi huyo ataona pia jiko la mkaa lililo karibu na kitanda, na nguo za mgodini zinazokung'utwa hapohapo watoto wanapolala. Atamwekea mgonjwa kidoleni oksimita, kifaa kidogo cha kupima oksijeni kwenye damu. Atamfundisha kutoa pumzi taratibu kwa midomo iliyokunjwa, kama anayepoza chai. Na kwa aliyefika ukingoni ataulizia mofini ya kunywa, dawa kali ya maumivu ambayo kwa dozi ndogo hutuliza pia kuhema, maana kuhema usiku kucha ni mateso yanayoweza kupunguzwa.

Uingereza nesi wa mapafu anayetembelea wagonjwa majumbani si jambo geni. Sisi tunayo hospitali ya Kibong'oto, iliyoanza kulaza wagonjwa wa TB mwaka 1926, mkoa jirani tu wa Kilimanjaro. Wauguzi wa zahanati za Simanjiro wakapikwe pale, warudi na oksimita na pikipiki. Na mafuta ya pikipiki yaandikwe kabisa kwenye bajeti ya halmashauri, kwani mafuta yakikosekana, ziara za majumbani ndizo hufutwa kwanza.